Uliza Fundi: Mnara ukikata ziwani, GPS haijafa

Habari zenu wasomaji. Safari hii nimekusanya maswali ya lokesheni peke yake, maana yamekuja mengi sana kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika na mengine Tabora, na karibu yote yanatoka kwenye dhana moja, kwamba simu inajua ilipo kwasababu mnara umeiambia au kwasababu kuna setilaiti imeiona. Sivyo. La mvuvi nitalijibu kwa urefu kwakuwa hapo kuna uhai wa watu, mengine tutaenda nayo haraka haraka.

SWALI (mvuvi wa kipe, yani chombo cha kuvulia dagaa, mwalo wa Kibirizi, Kigoma): Shikamoo fundi. Sisi tunafuata dagaa usiku, tukishatoka mbali netiweki inakata kabisa. Nikifungua ramani naona kijivu kitupu, na kile kidoti cha bluu hakiji au kinabaki mwaloni tulikotoka. Nahodha wetu anasema bila mnara GPS ni bure tusijisumbue. Mwenzangu anasema tukiiwasha inakata salio maana setilaiti ni za Wamarekani. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nahodha msikilize kwa mambo yote ya ziwa ila kwa hili mwambie taratibu kwamba GPS haihitaji mnara. Haihitaji bando wala laini, hata simu isiyo na laini ndani ukiitoa chini ya anga wazi itakuonyesha ulipo, na sababu ni kwamba simu yako haitumi chochote kule juu, inapokea tu. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi, mpango wake ni zisipungue 24 na siku hizi zinazofanya kazi zimezidi 30, na kila moja usiku na mchana inatangaza vitu vilevile, mimi ni namba fulani, nipo sehemu fulani, na saa yangu sasa hivi inasoma hivi. Mawimbi hayo yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kutoka kule mpaka kwenye kipe chenu haichukui hata sehemu ya kumi ya sekunde, ila simu inaupima huo ucheleweshaji mdogo na kuupata umbali. Umbali wa setilaiti tatu ungetosha kama saa ya simu ingekuwa sahihi, lakini saa za setilaiti ni za atomu na ya simu ni ya bei chee, ikikosea hata sehemu moja ya milioni ya sekunde umeshapotea mita 300. Kwahiyo inatafutwa setilaiti ya nne ili simu ijisahihishe saa yake. Zikipatikana nne, kidoti kinakuja.

Kuhusu salio huyo mwenzako mtoe hofu. Ni kama unavyosikiliza redio, kituo hakijui wewe unasikiliza na hakikukati kitu. Kweli mfumo ni wa jeshi la Marekani. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotoka nje ya njia yake ikaingia anga la Umoja wa Kisovieti ikatunguliwa, watu 269 wakafa, na baada ya hapo Rais Reagan akatangaza kwamba mfumo ukikamilika raia nao watautumia. Hata hivyo kwa miaka mingi walikuwa wanaichafua makusudi ile ishara ya raia, unaweza kukosea mita 100, mpaka Mei 2000 Rais Clinton alipoamuru waache. Leo simu ya kawaida chini ya anga wazi inakosea kama mita 5 tu, na simu nyingi zinapokea pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, kwahiyo hapo katikati ya ziwa ambapo hakuna nyumba wala mlima wa kukinga mna anga zuri kuliko mtu aliyekaa Dar es Salaam katikati ya maghorofa.

Sasa mnara unaingia wapi, maana nahodha naye hajasema kitu cha kutunga, ameona kwa macho kwamba mnara ukikata kidoti kinachelewa. Iko hivi. Kabla ya kupiga hesabu simu lazima ijue kila setilaiti inapita njia gani muda huo. Setilaiti yenyewe inaitangaza hiyo habari lakini polepole mno, biti 50 kwa sekunde, yani simu inatakiwa isikie sekunde 30 bila kukatizwa ili ipate njia ya setilaiti moja, na ile orodha ya jumla ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Ukiwa na netiweki simu haisubiri, inazivuta habari hizo kwa intaneti ndani ya sekunde chache, halafu mnara unaidokeza kwamba upo maeneo ya Kigoma ili ijue itafute setilaiti zipi. Hiyo ndo A-GPS unayoiona imeandikwa kwenye boksi la simu, mnara unaharakisha tu, hesabu inafanywa na simu yenyewe. Mnara ukikosekana simu inaanza sifuri, na wewe umeishika mkononi huku unavuta wavu, mara mfukoni, mara umeinamia, zile sekunde 30 zikikatika inaanza upya na wewe unasema imekufa, kumbe haijapewa nafasi ya kusikia.

Ule ukijivu ni jambo jingine kabisa. Picha ya ramani inatoka kwenye intaneti, kama hukuidaunlodi mapema haitakuwepo, lakini kidoti kinaweza kuwa sahihi kabisa juu ya huo ukijivu.

Kwahiyo fanyeni hivi, na nakuomba uwaonyeshe na wa vipe vingine. Mkiwa bado mwaloni na netiweki ipo, kwenye apu ya ramani daunlodi ramani ya oflaini, chukua eneo kubwa, kuanzia kule Kagunga mpakani kushuka mpaka Mahale, na upande wa pili uchukue mpaka nchi kavu ya Kongo, maana upepo haukuulizi unataka kwenda wapi. Weka alama mwaloni Kibirizi uipe jina. Halafu kila jioni kabla ya kusukuma fungua ramani, subiri kidoti kitulie, ndo muondoke. Zile habari za njia ya setilaiti zinafaa kwa saa kama nne hivi, ukiifungua ndani ya muda huo kidoti kitakuja chap hata kama mnara haupo. Muda umepita? Ilaze simu sehemu ya wazi, uso wake juu, usiiguse dakika kadhaa. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, plastiki haizuii mawimbi, yanayozuia ni mabati na maji. Chaji nayo muilinde, simu inayohangaika kutafuta mnara usiokuwepo inamaliza betri usiku mmoja, weka modi ya ndege, simu nyingi za sasa zikiwa kwenye modi ya ndege GPS inabaki hai. Ila mkirudi karibu na nchi kavu itoeni, ili mtu akiwapigia awapate.

Na hili ndilo nalolisisitiza kuliko yote. Mkipata matatizo, injini imegoma au chombo kinaingiza maji, usidhani unayempigia anaona mlipo. Mkipata netiweki hata ya kijiti kimoja piga 112, piga na nyumbani, na uwasomee namba za lokesheni. Kwenye ramani bonyeza kidoti ukishikilie, zitatokea namba mbili, kwa Kigoma mjini ni kama -4.88, 29.63. Sauti ikikatika andika kwa meseji ya kawaida, ile ya kitochi, inapita sehemu ambapo WhatsApp haipiti na kuongea hakuwezekani. Mjizoeze kuzisoma hizo namba mkiwa mwaloni mchana, kwasababu usiku kwenye mawimbi mtu hajifunzi kitu. Nyota na vilele vya milima ambavyo nahodha anavisoma msiache, simu inaweza kulowa, yeye halowi.

SWALI (mama wa nyumbani, Katonga, Kigoma): Mume wangu ananirushia lokesheni ya moja kwa moja kwenye WhatsApp anapotoka. Usiku nikiangalia kidoti kimesimama majini masaa mengi hakisogei, nakaa macho mpaka asubuhi. Je hiyo ni dalili mbaya?

JIBU: Pole sana mama. Sio dalili mbaya, na naona wenye wasiwasi kama wako ni wengi huo mwambao. Simu ya mumeo inajua ilipo muda wote, lakini ili wewe ujue lazima ikutumie kwa intaneti, na intaneti ndo ile iliyokatika. Unachokiona ni sehemu ya mwisho ambapo simu yake iliongea na mnara, baada ya hapo yeye ameendelea na safari na kidoti kimebaki. Angalia maandishi madogo yanayosema imesasishwa lini, kama yanasema masaa matatu yaliyopita basi hiyo ni picha ya masaa matatu yaliyopita, usiisome kama ya sasa. Tena WhatsApp inakupa dakika 15, saa 1 au masaa 8, ikiisha inajikata yenyewe, kama ameondoka saa kumi na moja jioni hata netiweki ikiwepo saa saba usiku itazima.

Mkubaliane kitu kingine. Akifika pale netiweki inapoanza kukata akuandikie meseji ya kawaida, aseme wanaelekea wapi na wanategemea kurudi saa ngapi. Ukipita muda huo na masaa ya nyongeza mliyokubaliana ndo uwaamshe watu wa mwalo. Hiyo meseji ina faida kuliko kidoti, kwasababu watafutaji watakuwa na pa kuanzia.

SWALI (mfanyabiashara, Kagunga): Fundi, huku kwetu simu inabadilika saa yenyewe, nalala inasoma sawa naamka imerudi nyuma saa nzima, alamu inaniangusha boti imeshaondoka. Na salio linapungua bila kupiga. Ni virusi?

JIBU: Hakuna virusi ndugu yangu, ni mnara wa Burundi. Kagunga mko mpakani kabisa na mawimbi hayajui mpaka, hasa yakipita juu ya maji ambapo hakuna kinachoyazuia. Kila mnara unajitambulisha kwa namba ya nchi, wa Tanzania unaanza na 640, wa Burundi 642, wa Kongo 630, na simu ikikosa wa nyumbani wenye nguvu inadandia wa jirani kama laini yako imeruhusiwa rominga, yani kutumia mtandao wa nchi nyingine. Huo mnara mpya unaipa simu saa ya kwake, na Burundi wako nyuma yetu saa moja, Kongo ya mashariki vilevile. Salio ndo hiyo rominga, apu zinavuta data kwa bei ya nje huku umelala.

Ingia setingi za tarehe na saa, zima ile ya kujiweka yenyewe, chagua saa za Afrika Mashariki. Kisha kwenye setingi za mtandao zima rominga ya data, na kuchagua mtandao uweke kwa mkono, ushike kampuni yako. Ukisafiri ukienda Kigoma mjini au Kasulu rudisha. Na ukiona apu fulani inakuambia upo Burundi wakati upo kitandani kwako Kagunga, ujue hiyo haikuuliza setilaiti, imeuliza mnara tu, toka nje uiruhusu lokesheni sahihi itajirekebisha.

SWALI (mfuga nyuki, Sikonge, Tabora): Mizinga yangu ipo porini mbali, nimeweka kwenye miti tofauti tofauti. Kijana wangu alinirekodia namba za GPS kwenye daftari, mwaka huu nimezipiga kwenye ramani zinanipeleka Sudan Kusini. Simu mbovu au setilaiti zimehama?

JIBU: Mzee wangu, simu nzima na setilaiti zipo. Kijana amesahau alama ya kutoa. Sisi tupo kusini ya ikweta, kwahiyo namba ya kwanza lazima ianze na kutoa, Tabora mjini ni kama -5.02, 32.80. Ukiiacha hiyo alama unavuka ikweta kwenda umbali uleule kaskazini, unatua Sudan Kusini upande wa Torit. Na ukizigeuza, ya mwisho ukaiweka mwanzo na alama yake, unaenda kwenye milima ya Moroko. Kwahiyo rudisha kutoa kwenye kila mstari wa daftari, mizinga utaipata.

Angalia pia kijana aliandika tarakimu ngapi baada ya nukta. Mbili ni kosa la zaidi ya kilomita nzima, kwenye pori la miombo hiyo ni sawa na hajaandika. Tatu ni kama mita 110, nne ni kama mita 11, hapo unauona mti. Aandike tano, kwasababu tarakimu hazina gharama. Na wakati wa kurekodi asipige namba akiwa anatembea, asimame karibu na mti lakini penye uwazi, asubiri kile kiduara chepesi kinachozunguka kidoti kipungue, kikiwa kikubwa maana yake simu yenyewe inasema sina uhakika. Majani mabichi yaliyolowa mvua yanapunguza nguvu ya ishara, na ishara yenyewe inafika ikiwa dhaifu sana, kwahiyo kiangazi miti ikishapukutisha utapata namba safi kuliko masika. Netiweki kule haikuhusu kama nilivyomjibu mvuvi hapo juu, ila daunlodi ramani ukiwa Sikonge mjini.

SWALI (karani, Mwanga, Kigoma): Ofisi yetu imehama kutoka Tabora kuja Kigoma. Nikiwa ndani simu inasema nipo Tabora, nikitoka nje inasema Kigoma. Bosi anaona kwenye apu ya mahudhurio kama nadanganya.

JIBU: Mwambie bosi wako hudanganyi, anayedanganya ni kile kidude cha waifai mlichohama nacho. Ndani ya nyumba ya mabati GPS inapata shida, kwahiyo simu inatafuta njia ya mkato, inaangalia waifai zilizo karibu. Kila kidude cha waifai kina namba yake ya kipekee inayoitangaza muda wote, na kampuni kama Google zina orodha kubwa ya namba hizo na mahali zilipoonekana, orodha iliyojengwa na simu za watu wanaopita. Kidude chenu bado kimeandikwa Tabora. Kadri simu zenye lokesheni zinavyokuwa karibu nacho hapo Mwanga ndivyo orodha itakavyojirekebisha, sio siku moja lakini itakaa sawa. Kwa sasa saini mahudhurio ukiwa mlangoni nje, waifai ukiwa umeizima, kidoti kikitulia ndo ubonyeze. Bosi naye akubali hivyo, sio haki mtu akatwe mshahara kwa ajili ya boksi la waifai.

SWALI (mwanafunzi wa chuo, Tabora mjini): Nimeibiwa simu sokoni. Kuna jamaa anajiita mtaalamu anasema nimpe namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe, na elfu hamsini ataiona kwa setilaiti ilipo. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata shilingi. Umeshasoma juu, setilaiti zinatangaza tu, hakuna mtu kule anayeiona simu yako na IMEI haifiki huko kabisa. IMEI inaonekana na kampuni ya simu pale simu inapojiunga na mnara, na kampuni haimfungulii mtu wa mtaani taarifa hizo, zinatolewa kwa utaratibu wa kisheria. Tena mnara peke yake haukuonyeshi nyumba. Unajua simu imeshika mnara upi na upande upi, na kwa mitandao ya 2G unakadiria umbali kwa hatua za mita 550 hivi, kwahiyo unapata kipande cha mtaa chenye nyumba nyingi sana, na vijijini ambako mnara mmoja unabeba kilomita nyingi ni pakubwa zaidi.

Nenda polisi upewe RB, ukiwa na IMEI na risiti kama ipo. Kisha nenda kampuni ya laini wafunge namba yako na uipate upya, hilo fanya leo leo kwakuwa pesa zako za kwenye simu ndo hatari kubwa kuliko simu. Halafu kwa simu ya rafiki ingia kwenye akaunti yako ya Google, ile huduma ya kutafuta simu, kama simu bado imewaka na ina intaneti inaweza kukuonyesha ilipo, na unaweza kuifunga au kufuta vitu vyako kwa mbali. Ukiona kidoti kimekaa kwenye nyumba fulani usiende mwenyewe wala na washkaji, kidoti kinaweza kukosea nyumba mbili tatu na ukampiga mtu asiye na hatia, kipeleke polisi. Na nyie wengine ambao simu bado mnazo, bonyezeni *#06# sasa hivi, IMEI itatokea, iandikeni kwenye daftari libaki nyumbani.